Tulifuata Maji ya Mlimani Hadi Baharini: Ziara ya Pangani na Mafunzo Yake

Safari hii sitaandika juu ya mbolea wala vidudu. Nataka nikueleze ziara ya siku moja ya ufukweni ambayo kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa na ndizi, katika kata ninayoihudumia hapa mteremko wa Kilimanjaro, kilifanya Pangani, mkoa wa Tanga, mwezi Septemba. Tulikuwa watu 22, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kuiona bahari kwa macho yao.

Najua utauliza: afisa ugani anapeleka watu ufukweni kufanya nini? Wengine walituambia kabisa kwamba tunakwenda kutalii kwa michango ya kikundi. Jibu langu ni hili: mfongo unaopita kihambani kwako haufi pale kwenye shamba la mwisho. Maji yale yana safari ndefu, na mwisho wake ni Pangani.

Maji yetu yanakwenda wapi?

Tuanze na jiografia ya nyumbani. Karanga, Weruweru na Kikafu zinaingia mto Kikuletwa. Upande wa mashariki, Rau, Mue na Himo zinaelekea mto Ruvu. Kikuletwa na Ruvu zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo mto unaitwa Pangani. Unapita chini ya milima ya Upare na Usambara, unafika Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, halafu unaingia Bahari ya Hindi palepale mjini Pangani. Ukihesabu kuanzia chanzo, ni safari ya kilomita kama 500.

Hata watu walifuata njia hiyo zamani. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipanda kutoka Pangani kwa kufuata bonde la mto mpaka huku mlimani kutafuta pembe za ndovu, na babu zetu waliwauzia chakula. Pangani ndiko upinzani wa Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani ulikowaka mwaka 1888, na ndiko aliponyongwa mwezi Desemba 1889. Kwa hiyo sisi na watu wa Pangani si wageni kwa wageni. Tuna mto mmoja.

Safari ilivyokuwa

Kwanza ushauri: usijaribu kwenda na kurudi Moshi siku hiyohiyo. Utafika umechoka, utaona bahari nusu saa, utaanza kurudi. Sisi tuliondoka Ijumaa mchana kwa basi dogo la kukodi, tukapita Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe na Segera, tukalala Muheza kwenye nyumba ya wageni ya bei nafuu. Jumamosi alfajiri tukashuka Pangani kupitia mashamba ya mkonge na minazi. Siku nzima ikawa yetu, na Jumapili tukarudi nyumbani.

Kituo cha kwanza hakikuwa ufukweni. Tulisimama kijiji kimoja cha kando ya mto, juu kidogo ya mji, ambako afisa ugani mwenzangu alikuwa ametuombea nafasi ya kuzungumza na wakulima. Alitupokea bibi mmoja mwenye shamba linaloteremka hadi ukingoni. Tukamwamkia, akaitika, "Marahaba wanangu," akatukalisha mkekani chini ya mwembe. Aliposikia tumetoka Kilimanjaro akacheka.

"Nyinyi ndio watu wa juu? Basi leo nimempata wa kumlalamikia."

Akatupeleka ukingoni. Alituonyesha sehemu aliyokuwa analima mpunga zamani, sasa imeota majani magumu ya chumvi. Minazi ya karibu na maji ilikuwa na makuti ya njano na nazi ndogo za kuhesabu. Kisima cha karibu na mto wanakitumia kufulia tu. Mzee mmoja wa kikundi chetu alichota maji ya mto kwa kiganja, akaonja, akatema. Yalikuwa ya chumvi, na bahari yenyewe hatukuwa tumeiona bado.

Naomba nieleze jambo hili, kwa sababu wengi walidhani ni maajabu. Mdomo wa mto ni mahali pa kusukumana. Maji baridi ya mto yanasukuma kuelekea baharini, na bahari inapojaa inasukuma kuelekea bara. Mto ukiwa na nguvu, chumvi inabaki karibu na mdomo. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, bahari inapanda nao juu zaidi, na chumvi inaingia kwenye udongo na visima. Mpunga hauvumilii. Mnazi unavumilia kiasi, lakini mizizi ikilowa chumvi muda mrefu nao unachoka.

Je, kosa ni la mfongo wako? Hapana, si wako peke yake. Mto Pangani unatumiwa na mashamba makubwa, skimu za mpunga, miji, mabwawa ya umeme na maelfu ya wakulima wadogo. Misitu imepungua, mikoko imekatwa, na kina cha bahari nacho kinaongezeka. Mtu akikuambia kwamba mkulima wa nusu eka huko mlimani ndiye aliyeharibu shamba la bibi yule, mkatalie. Lakini akikuambia kwamba maji yanayovuja ovyo usiku kucha kwenye mfongo hayamhusu mtu, mkatalie pia.

Mama aliyesema ukweli

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari watu walikuwa wanasikitika. "Pole yake bibi wa watu," mwenyekiti wetu wa mfongo akasema, na wengine wakaitikia. Ndipo mama mmoja mjane, mwenye kihamba cha mwisho kabisa kwenye mfongo wetu, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Mnamhurumia bibi wa huku. Mimi nipo chini ya shamba la mwenyekiti, wala si mbali, na tangu Julai sijapata maji. Pangani yenu ya kwanza ni mimi."

Hakuna aliyejibu. Ukweli ni kwamba mama huyo alikuwa ameacha kulipa mchango wa kikundi tangu mwezi huo, na kulikuwa na maneno ya kumfuta uanachama. Wengi walisema ni mkaidi. Pale ndipo tulipoelewa kwamba alikuwa analipia maji yasiyomfikia.

Kivuko, kijiji na ufuko

Mjini Pangani tulipita mitaa ya nyumba za kale zenye milango ya mbao, tukaona na Boma, kisha tukavuka mto kwa kivuko kwenda Bweni. Ni dakika chache tu. Daraja kubwa lilikuwa linajengwa, na vijana wetu walipiga picha zaidi ya simu kuweza. Kutoka Bweni tukaendelea kusini hadi Ushongo, kijiji cha wavuvi kilichokaa ndani ya minazi.

Pale hata wazee walivua viatu. Mchanga mweupe, ngalawa zimelazwa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu kivulini, watoto wanacheza mpira. Maji yalikuwa yamekupwa, mbali tukaona watu wanatembea mahali ambapo baada ya saa chache ngalawa zingepita. Mzee wetu wa miaka 71 alisimama majini mpaka magotini kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akaniuliza, "Kijana, na maji yote haya, mtu hawezi kumwagilia hata mgomba mmoja?" Nikamwambia hawezi. Akatikisa kichwa.

Mbele ya Ushongo kipo kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti, na kasa wengi walitaga mayai huko. Sasa miti haipo, kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Mvuvi aliyetueleza habari hiyo hakuongeza neno, akaendelea kushona wavu wake.

Mchana tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa akina mama wa kijijini. Niliwaomba wenzangu wazingatie mambo manne, nawe ukienda yazingatie:

1. Vaa kwa heshima ukiwa kijijini. Nguo za kuogelea ni za majini. Kina mama, khanga mbili zinatosha kabisa.
2. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu.
3. Uliza wenyeji saa ya maji kujaa na kupwa kabla ya kuingia baharini. Wakati wa bamvua maji hupanda kwa kasi. Asiyejua kuogelea asivuke magoti.
4. Usinunue magamba ya kasa wala matumbawe. Kasa wanalindwa na sheria.

Kwa wafanyabiashara: piga hesabu kabla ya kupakia

Jioni, tuliporudi mjini, wachuuzi wetu walipoona bei ya nazi macho yaliwatoka. Kila mmoja alitaka gunia lake. Tulikaa kwanza tukapiga hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Tuseme umenunua nazi 500 kwa shilingi 600. Hiyo ni 300,000. Usafiri wa mzigo 60,000, ushuru na kupakia 15,000, nauli yako, kulala na kula 75,000. Jumla 450,000. Nazi 25 zikivunjika au kuharibika, zinabaki 475. Ukiuza kwa 1,000 unapata 475,000. Faida yako ni 25,000 kwa siku tatu. Hiyo ni chini ya kibarua.

Sasa watu watatu wakiungana na kumtuma mmoja alete nazi 1,500: nazi 900,000, usafiri 180,000, ushuru na kupakia 45,000, lakini nauli na kulala ni 75,000 ileile. Jumla 1,200,000. Zikiharibika 75, zinabaki 1,425, unauza 1,425,000. Faida ni 225,000, kila mmoja 75,000, na wawili hawakutoka nyumbani. Bei ya kununulia ni ileile. Kilichobadilika ni kugawana safari.

Ukinunua dagaa wakavu, wasugue mkononi. Wakiacha mchanga, walianikwa chini. Tafuta walioanikwa kwenye vichanja. Wavunje: wakikunjika bila kukatika hawajakauka, na wataota ukungu kwenye baridi yetu ya mlimani. Na usiondoke bila stakabadhi ya ushuru, maana vizuizi viko njiani.

Tulichofanya baada ya kurudi

Wiki mbili baadaye kikundi kiliitisha mkutano. Haukuwa mkutano mtulivu. Wenye mashamba ya juu walisema mfongo ulichimbwa na babu zao, hivyo wao ndio wa kwanza. Baada ya ubishi mrefu tulikubaliana haya, na nawe unaweza kuyajaribu kwenye mfongo wako:

1. Zamu ianzie chini kwenda juu. Shamba la mwisho linapata maji kwanza, wa juu anamalizia.
2. Sehemu zinazovuja zizibwe. Tulitembea mfongo wote tukakuta mahali pawili panapopoteza maji mengi. Mawe tulikuwa nayo, saruji tulichangishana.
3. Mlango wa mfongo ufungwe wakati hakuna mwenye zamu, maji yabaki mtoni.
4. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, na tandaza majani makavu ya migomba shinani ili unyevu ukae.
5. Usilime wala kukata miti ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Hiyo ni sheria ya mazingira ya mwaka 2004.
6. Kikundi kiwe na kibali cha kutumia maji. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo hapahapa Moshi. Ukiwa ndani ya jumuiya ya watumiaji maji, hata mgogoro una pa kusikilizwa.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekwisha. Wanachama wawili wa juu bado wananuna, na mmoja amefungua maji nje ya zamu mara mbili. Lakini yule mama mjane amepata maji Jumamosi tatu mfululizo, na mchango wake ameanza kulipa tena. Mtihani wenyewe utakuja kiangazi cha Januari na Februari, maji yatakapokuwa machache kweli. Nitakuandikia matokeo, yawe mazuri au mabaya.

Kwa sasa nakuachia kazi moja. Jumamosi hii chukua jembe lako, utembee mfongo wako kuanzia juu mpaka mwisho. Angalia panapovuja, na umjue kwa jina mwenye shamba la mwisho. Ukimkuta, muulize mara ya mwisho alipata maji lini. Kama una swali, mwone afisa ugani wa kata yako, au niulize hapa nami nitakujibu. Kazi njema.