Skrini ya Mteja

Kamere, Jumatatu, 9 Juni 2025

Laptopu iliyokuwa chini ya meza imekufa bodi, na kuifufua ni ghali kuliko bei yake. Kioo chake cha inchi 15.6 ni kizima. Nitakifanya skrini ya pili, itazame upande wa mteja. Msimu wa ritani za kodi, ninazowatumia watu mtandaoni, umefika. Watu wanatoka kwenye mashamba ya maua na P9, fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi, mkononi, wanaketi mbele yangu na kunitajia kitambulisho, PIN ya kodi, hata neno la siri, huku wao wakitazama mgongo wa kompyuta. Mtu anatangaza mapato yake kwa serikali bila kuona kinachoandikwa. Hilo limenikera muda mrefu.

Jumatano, 11 Juni

Vijana wa stejini wananiuliza kwa nini nisichomeke tu waya wa HDMI kwenye ile laptopu. Tundu la HDMI la laptopu hutoa picha, halipokei. Kioo nacho hakielewi HDMI mpaka kiwe na bodi yake ya kukiendesha.

Nimetoa fremu ya plastiki na skrubu, nikakilaza kifudifudi juu ya blanketi. Nyuma kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Muuzaji wa bodi anataka namba hiyo, maana jina la laptopu halimsaidii: laptopu za jina moja huweza kuwa na vioo tofauti. Hiki ni cha pini 40, aina ya LVDS. Vingi vya miaka ya karibuni ni pini 30, eDP, na bodi zao ni nyingine. Mwanga wake ni LED, nashukuru. Vile vya zamani vina taa nyembamba yenye zebaki ndani, na inveta yake hutoa volti mamia, hivyo sivigusi.

Jumamosi, 14 Juni

Bodi imeletwa na matatu kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Kabla ya kuwasha nimekagua kijampa cha volti: kioo cha laptopu hutaka 3.3. Kikiachwa kwenye 5 au 12, unaweza kuunguza kioo siku hiyo hiyo. Adapta ya volti 12 inalisha bodi, na bodi inalisha kioo.

Kimewaka, safi, pikseli 1366 kwa 768. Seremala jirani amenikatia fremu ya mbao, nami nimeacha upenyo wa hewa nyuma.

Jumatano, 18 Juni

Skrini mbili zinaonyesha picha moja wakati wa kazi ya mteja. Akiondoka, naitenga ya kwake ibaki tupu, ili anayefuata asisome ya mwenzake. Nimeigeuza pia isitazame mlangoni. Siri ya mtu haipaswi kufika barabarani.

Jumapili, 22 Juni

Mama mmoja wa pakihausi amekuja baada ya kanisa. Nilipofungua ukurasa wake wa iTax, mfumo wa kodi mtandaoni, amenyoosha kidole kwenye skrini: "Mwanangu, hiyo imeli ni ya nani?" Si yake, wala hajapata kuiona. Aliyemsajili miaka iliyopita, mahali pengine, aliweka anwani anayoijua mwenyewe. Mama angesahau neno la siri, ujumbe wa kulibadilisha ungemwendea mgeni. Tumeomba ibadilishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kusahihishiwa taarifa zake, lakini atadaije marekebisho ya kitu asichoonyeshwa?

Halafu akasoma P9 yake tarakimu kwa tarakimu, akilinganisha na skrini. Mshahara wake hauvuki shilingi 24,000 kwa mwezi, hivyo hakukatwa PAYE, kodi ya mshahara, ila ritani lazima atume. Leo ameituma akijua ndani mna nini.

Jumamosi, 28 Juni

Foleni imefika nje. Mwisho ni Jumatatu tarehe 30, na faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000, pesa nzito kwa mtu wa maua. Wateja wanasoma pamoja nami, na kazi inakwenda haraka kwa sababu wanajibu kabla sijauliza.

Laptopu ile ingeishia takani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na haikufika robo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya taka hizo mna vioo vizima. Nimepata kingine, cha pini 30. Ritani zikiisha nitakifungia bodi yake na kumpelekea dada anayefanya kazi hii Karagita, kwa sharti moja: akielekeze kwa mteja.