Besi fupi ya kwaya yetu

Tangu mwaka uliopita kwaya yetu ya wamama ilikuwa na nyimbo sita tayari za kurekodi, na hazikurekodiwa. Sauti zilikuwepo, ngoma ilikuwepo, gitaa la solo lilikuwepo. Besi ndiyo haikuwepo. Kila tulipopanga siku ya studio, kijana tuliyemwomba atupigie alikuwa na arusi kwingine, au alifika umeme umekwisha kukatika. Mara moja tulimngoja tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane, watoto mgongoni, na pesa ya studio imekwisha kulipwa. Hatumlaumu, naye anatafuta maisha. Lakini jioni ile, tukipanda mlima wa Kadutu kurudi nyumbani, mmoja wetu alisema: «Basi, tutaipiga wenyewe.»

Aliyekubali kujifunza ni mwenzetu mshonaji, mwenye masikio mazuri na mikono midogo kuliko sisi wote. Tuliazima besi ya kawaida. Baada ya wiki mbili kiwiko cha mkono wake kilikuwa kikimuuma hata kwenye cherehani, na kidole kidogo hakikufika pale kilipotakiwa. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba besi si kazi ya mwanamke.

Sisi walimu tuna dawa yetu ya minong'ono: kupima. Tulileta rula kubwa ya ubaoni. Uzi wa besi ya kawaida, kutoka pale juu unapoanzia kwenye shingo hadi kwenye daraja linaloushika chini, una karibu sentimita 86. Ipo aina nyingine ambayo uzi wake una sentimita 76 tu, na noti zake ni zilezile. Tofauti ya sentimita 10 inaonekana ndogo. Lakini mkono unapokuwa juu kabisa ya shingo, vidole vinne vya besi ndefu vinatawala karibu sentimita 18, na vya besi fupi karibu 16. Zaidi ya hayo, uzi uleule ukipigwa noti ileile kwenye besi fupi, unakazwa pungufu kwa asilimia 22 hivi. Basi tatizo halikuwa mwanamke. Lilikuwa sentimita mbili.

Ikabaki pesa. Baada ya benki kufungwa mwezi wa pili wa 2025, dola nyingi katika mji wetu zilikuwa zikitoka mkono kwa mkono, na sanduku la MUSO ndilo lililokuwa benki ya wengi. Mama wa hazina alisema wazi kwamba gitaa haliliwi. Alikuwa na haki: wiki ileile tulikuwa na mzazi mmoja hospitalini na masomo ya watoto yanadai minervali. Tulibishana mikutano miwili. Mwishoni tulikubali mkopo wa dola 100, urudishwe kwa miezi mitano, na 50 zitoke kwenye michango ya kwaya. Tuliandika pia kwamba gitaa ni mali ya shirika, si ya mpigaji. Hilo lilituliza watu kuliko maneno mengine yote.

Kila mwanaume tuliyemuuliza alitushauri besi ndefu ya nyuzi tano. Kwa mpigaji wa sebene, tunamwelewa. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa binadamu Desemba 2021, inatembea kwa miguu ya besi, na vijana wanapenda noti ya chini kabisa. Lakini sisi tunaimba nyimbo za taratibu, sauti nne, na nyuzi nne zinatutosha. Muuzaji wa kwanza alipotuona tumeshika fupi, alicheka: «Mama, hiyo ni ya watoto. Chukua hii.» Hatukujua bado la kumjibu. Tungemwambia kwamba Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner yake mjini Hamburg mwaka 1961, na ni besi fupi, akarekodi nayo nyimbo zilizozunguka dunia. Fender nao, waliozoea kutengeneza ndefu, walitoa fupi yao, Mustang Bass, mwaka 1966.

Lakini sifa haichezi yenyewe, inabidi kusikiliza. Tuliziweka fupi na ndefu pamoja, mwenzetu akapiga mstari uleule wa wimbo uleule, tukarekodi kwa simu na kwa kompyuta. Kwenye bafle, fupi ilikuwa na sauti nene, ya mviringo, inayolala chini ya sauti za wanawake bila kuzisukuma. Ndefu ilikuwa na ukali zaidi, kama inakwaruza, na ilipigana na alto wetu. Kwenye simu mambo yaligeuka: fupi ilipotea karibu yote. Noti ya uzi mnene inatikisika mara 41 tu kwa sekunde, spika ya simu haiwezi kuitoa, na fupi haina zile sauti ndogo za juu zinazosaidia sikio kuikisia. Na ndugu zetu wa Goma na wa Uvira watatusikiliza kwenye simu! Hapo tulikaribia kubadili mawazo. Dawa ilikuwa kupiga karibu zaidi na daraja, kwa kipande cha plastiki badala ya kidole. Besi ilirudi, si yote, lakini ya kutosha.

Tulifurahi pia kusoma habari za Carol Kaye, mama Mmarekani aliyeshika besi mwaka 1963 kwa sababu mpigaji hakufika studio. Mnaona? Yeye alipiga ndefu, hatutadanganya. Lakini aliweka kitambaa kizito juu ya nyuzi karibu na daraja ili noti isiendelee kulia ovyo. Mshonaji wetu hakukosa kitambaa.

Kwa anayetaka kununua ya mitumba, hivi ndivyo tulivyofanya. Pima kutoka pale uzi unapoanzia hadi chuma cha kumi na mbili cha shingo, uzidishe mara mbili. Ukipata karibu 76, ni fupi, hata muuzaji akisema nini. Bonyeza kila noti moja moja kwenye kila uzi. Tuliacha moja nzuri ya rangi nyekundu kwa sababu uzi mnene ulilia kama nyuki kwenye vyuma vitatu vya kwanza. Gusa uzi kwa wepesi juu ya chuma cha kumi na mbili, kisha ubonyeze hapohapo: noti mbili zikitofautiana na daraja limekwisha kusogezwa mpaka mwisho, iache. Na ulize nyuzi za akiba siku hiyohiyo. Za besi ndefu zikikatwa, sehemu nene inaweza kuangukia kwenye funguo na kukatika. Sisi tulizikosa Bukavu, tukaziagiza Kampala, tukangoja mwezi mzima. Ni kosa letu.

Tuliilipa dola 150, baada ya kuombwa 170. Haina betri ndani, na studio waliiunganisha moja kwa moja kwenye kadi ya sauti bila ampli, kwa hiyo umeme ulipokatika tuliendelea na betri ya kompyuta karibu saa nzima. Tulimaliza nyimbo mbili. Katika wa pili mwenzetu alikosea noti moja kwenye kiitikio cha mwisho, akaomba arudie. Mwenye studio alimwambia hakuna atakayesikia. Alirudia.

Wa tatu ulikatika katikati pamoja na betri. Deni limebaki dola 60, na mama wa hazina anajua tarehe. Mazoezi ni siku ya posho, saa tisa. Msichana au mama anayetaka kujaribu besi aje, na akate kucha za mkono wa kushoto.