Siku Moja Kiongoroni

Mwezi wa sita, shule ilipofungwa, nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu Mbagala, Dar es Salaam. Nilichukua vitabu vyangu vyote, nikidhani nitasoma usiku na mchana. Kumbe nilijidanganya. Alfajiri makondakta wa daladala huanza kuita abiria. Mchana mafundi hugonga mabati. Usiku ngoma za harusi hazikomi. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huo ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5, nami niliona kama wote hupita dirishani kwangu. Nikamwambia mjomba, "Naomba ruhusa nikamwamkie bibi Kiongoroni, nipate utulivu japo wa siku moja."

Nilipanda basi hadi Kibiti, nikalala kwa shangazi. Asubuhi yake nilifika Nyamisati, nikaingia botini. Ndugu msomaji, aendaye delta ya Rufiji hana budi kufuata saa ya maji, si saa ya mkononi. Maji yakipwa, vijito hubaki matope na chombo hukwama. Kwa hiyo nahodha alituambia mapema wakati wa kurudi.

Tulipokuwa katikati ya mikoko, mashine ilizimwa kidogo. Lo! Kimya gani kile! Msitu huo, unaokadiriwa kuwa hekta 50,000 hivi, ulitufunika pande zote. Nilisikia ndege na maji tu. Mzee mmoja alitukumbusha kuwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mito hii, hata Waingereza wakaiangamiza Julai 1915. Nikacheka moyoni: kumbe si mimi wa kwanza kukimbilia huku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu! Leo umenikumbuka?"

Alinipikia wali na kamba wa nazi. Nilipokwisha kula, nilijinyosha juu ya mkeka chini ya mwembe, nikafungua kitabu changu. Lakini bibi hakunyamaza. Alisimulia habari za mpunga ulioliwa na nguruwe, za marehemu babu, za paa linalovuja. Mwisho nilichoka, nikasema, "Bibi, mimi nimekimbia kelele."

Alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Kelele mlizichukua ninyi mkaenda nazo mjini. Zamani ua huu ulijaa watoto. Sasa jua likitua nasikia maji tu."

Niliona haya sana. Utulivu nilioutafuta kwa nauli ndio uliokuwa ukimtesa bibi yangu kila siku. Nilifunga kitabu, nikamwomba anisimulie tena habari za babu tangu mwanzo. Alisimulia, nami nikauliza, tukacheka sote, mpaka nahodha alipoita kwamba maji yanaanza kutoka.

Bibi alinisindikiza hadi ufukoni, akanishika mkono. "Ukija tena," akasema, "njoo na kelele zako."

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikwenda ili nipone mwenyewe, nikamsahau mwenyeji. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunao wazee waliobaki katika ukimya kama huo. Tukiwatembelea kwa ajili ya kupumzika, tusisahau kuwapa sauti zetu. Nami nimekwisha ahidi: mtihani wa kidato cha nne ukimalizika mwezi wa Novemba, nitakwenda Kiongoroni, na safari hiyo haitakuwa ya siku moja.