Mashine ya Mdogo Wangu

Ikifika Agosti, jamaa zangu wote hukumbuka kwamba nina kazi. Miezi hiyo mingine mimi ni yule kijana aliyeacha chuo, anayeshinda kwa nyumba akibonyeza kompyuta. Lakini wanafunzi wakishaitwa vyuoni, nageuka mtaalamu. "Niaje cuzo, laptopu gani iko poa na haipiti elfu 30?" Huwa najibu. Nimelipa nyumba na hii kitu miaka sita, siwezi kukosa jibu.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya kwetu. Mdogo wangu aliitwa kusomea ualimu, Kiswahili na historia. Mama alikopa shilingi 35,000 kwa chama chao, na kabla sijataja prosesa wala nini, akaniambia kwa simu: "Umchagulie nzuri. Lakini isije ikamfanya vile hiyo yako ilikufanya."

Yangu niliinunua na pesa ya kwanza ya HELB. Ilikuwa nzito, betri yake ilikuwa ya kuombea. Mwaka wa pili jirani yangu wa hosteli alikuwa na akaunti ya kuandikia wanafunzi wa Marekani insha, dola chache kwa ukurasa, akanigawia kazi. Mchana lekcha, usiku Marekani. Karo ya mwaka wa tatu ilipokosekana, chuo kikabaki, mashine nikaja nayo Nairobi. Mama husema laptopu ilinitoa shule. Mimi husema karo ndiyo ilinitoa, laptopu ikanipokea. Hatujawahi kukubaliana, na tunapendana hivyo hivyo.

Basi tukakutana mjini sote watatu, Luthuli Avenue. Shuleni tulifundishwa kuiita kipakatalishi, na mdogo wangu, mwalimu mtarajiwa, alijaribu neno hilo kwa broka wa kwanza aliyetushika mkono pale ngazini. Jamaa akatuambia hizo zimeisha, lakini laptopu ziko.

Mama alitaka mpya, ya supamaketi, ndani ya boksi na karatasi ya nailoni. Namuelewa. Pesa ya chama huulizwa maswali, na boksi ni ushahidi. Shida ni kwamba mpya ya bei hiyo mara nyingi huwa na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ambayo Windows yenyewe inakula sehemu kubwa. Unafungua Word, Chrome na Zoom kwa pamoja, halafu unaenda kupika chai. Kwa pesa hiyo hiyo unapata ile wauzaji wanaita "ex-UK": mashine ya ofisi ya Uingereza, kampuni imeitumia miaka kadhaa ikabadilisha zote kwa mpigo. Plagi yake ya miguu mitatu inaingia ukutani kwetu bila adapta, kwa sababu soketi zetu ni za Waingereza. Utaijua pia kwa kibodi: juu ya namba 3 kuna alama ya pauni. (Ukibonyeza alama moja ikaja nyingine, haijaharibika. Mpangilio wa kibodi umewekwa wa Marekani, badilisha kwa settings.)

Duka la kwanza tulipewa HP EliteBook 840 G3, elfu 20, "Core i5, mama, na Windows 11 iko ndani." Kuambiwa i5 peke yake ni kama kuambiwa gari ni Toyota. Ya mwaka gani? Nikaangalia kwa settings: i5-6300U. Hiyo 6 inayofuata kistari ndiyo kizazi, cha sita. Ingekuwa 8350U ingekuwa cha nane, na 1135G7 ni cha kumi na moja. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane. Hizo kuukuu hulazimishwa, na zinawaka vizuri tu pale kaunta. Mimi singemnunulia mtu anayeenda kusoma miaka minne kitu cha kulazimishwa. Tukashukuru, tukatoka.

Mdogo wangu alikuwa ameona nyingine kwa dirisha, nyembamba, rangi ya fedha. Mimi nikamwonyesha ThinkPad T480. Nyeusi, nene.

"Hii inakaa ya babake mtu," akasema.

"Andika kitu."

Akaandika jina lake, kisha sentensi, kisha aya nzima akiwa amesimama. Kibodi ya ThinkPad hujieleza yenyewe. Na ni kizazi cha nane, RAM ya GB 8 unayoweza kuongeza baadaye, SSD ya GB 256. Kama angekuwa anaenda kusomea usanifu majengo, anahitaji AutoCAD na wenzake, ningemwambia mambo mengine kabisa na Mama angehitaji chama kingine. Kwa ualimu, hii inatosha na kubaki.

Nikaomba dakika kumi. Muuzaji hakupenda, lakini anayekataa dakika kumi anakuambia kitu. Nilifungua Command Prompt nikaandika powercfg /batteryreport, ambayo inakutolea ripoti: betri ilitengenezwa kushika kiasi gani na sasa inashika kiasi gani. Ile ya nyuma ilikuwa imebaki chini ya nusu. T480 ina betri mbili, moja ndani, nyingine nyuma unaichomoa kwa mkono, kwa hivyo muuzaji akaenda kwa droo akaleta ingine, tukapima tena. Nikawasha upya nikibonyeza F1 kuhakikisha kampuni ya zamani haikuacha nywila huko ndani. Nikajaribu kila tundu la USB, kamera, spika. Kutoka elfu 32 tukashuka hadi 28,500 na begi juu yake.

Muda huo wote Mama alikuwa amekaa kwa stuli, pochi kwa mapaja, kimya. Sasa akamgeukia muuzaji.

"Kijana, hii inaweza kuandika zile insha za Wazungu?"

Maskini, akadhani ni swali la mteja. "Mama, hii inafanya zote! Usiku na mchana! Wasee wengi wa academic wananunua hizi hizi."

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika kaunta. Mama hakucheka. Aliniangalia mimi, na nikaona hakuwa anatania hata kidogo, kwamba amekuwa akibeba hilo swali tangu asubuhi, labda tangu miaka ile. Sikuwa na jibu la kumpa. Hakuna laptopu inayofanya assignment tu.

"Risiti niandike jina gani?" muuzaji akauliza.

"Lake," Mama akasema. "Majina yote matatu." Akasubiri yaandikwe, akasoma, akaikunja mara nne. Kisha akatoa simu akalipa.

Tulitembea kuelekea stage, Mama mbele, begi amelivaa kifuani kama mtoto, akitazama kila mtu kama mwizi. Mdogo wangu akabaki nyuma na mimi.

"Mwaka wa pili karo ikikwama, nifanye nini?"

Nikamwambia anipigie Januari, asingoje mitihani. Na aniambie kiasi chenyewe, si "kidogo tu" vile mimi nilikuwa nikimwambia Mama. Akasema sawa. Akauliza nalipwa ngapi kwa makala moja. Nikamwambia, na akaanza kupiga hesabu kwa vidole.