Kati ya 2.5 na 3.5

Mlango mmoja wa moyo wangu ni wa bandia. Nikiwa mdogo nilikuwa naumwa koo mara kwa mara, likaachwa lipone lenyewe. Ikafuata homa ya baridi yabisi, nayo ikaula mlango huo taratibu hadi nikawa silali bila kuegemea mito. Nilipasuliwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Usiku nyumba ikitulia, mume wangu huusikia ukigonga kama saa ya ukutani. Namshukuru Mungu kwa mlio huo.

Upasuaji ulikwisha, ikabaki warfarin, na hiyo ni ya kila siku hadi nife. Bila dawa, damu huganda kwenye mlango wa bandia, na donge likikatika likapanda kwenye ubongo, ni kiharusi. Dawa ikizidi, damu inavuja. Kipimo cha INR ndicho kinachosema niko wapi: asiyetumia dawa huwa karibu na 1, mimi natakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5.

Kukipata kipimo hicho ndiko kulikonitesa. Naishi Ifakara, nashona nguo. Vitendanishi vikiisha ninakopimwa, safari ni ya Morogoro mjini, na nauli inakula fedha ya sare nilizoshona. Kuna mwezi mama mkwe aliuza kuku wake ili niende. Nilipokataa alisema, "Nenda mwanangu, wataanguliwa wengine." Sitamlipa mama yule nikammaliza.

Kisha nikaumwa tumbo. Kwenye zahanati nilitaja dawa yangu, bado nikaandikiwa metronidazo, ile tunayoiita flajili. Haikupita wiki, fizi zikaanza kutoa damu, halafu mkojo ukawa mwekundu. INR ilikuwa imepita 8. Nililazwa, warfarin ikasimamishwa, nikapewa vitamini K. Kitandani ndipo nilipoelezwa kwamba flajili hulizuia ini kuivunja warfarin, ikalundikana mwilini. Septrini nayo hufanya hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huipunguza nguvu.

Chakula nacho kilinichanganya. Niliambiwa niache mboga za majani, na kwetu kuacha kisamvu na matembele ni kubaki na ugali mkavu. Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyeniokoa. Mboga hizo zina vitamini K, inayoshindana na dawa, alisema. Hatari ni kula bakuli zima leo kisha wiki nzima usiziguse. Nile kiasi kilekile, wao watapanga dozi kufuatana na sahani yangu. Tangu hapo namba zangu zimetulia. Saa mbili usiku binti yangu huniuliza, "Mama, umemeza?" ndipo anaandika kwenye daftari.

Ninyi mnaopanga bajeti za afya wilayani, ipo mashine ndogo inayopima INR kwa tone la damu ya kidole, majibu papo hapo. Tunaiomba. Nawe mwenzangu, usipokee dawa yoyote, hata ya kienyeji au ya maumivu, kabla hujauliza kama inapatana na warfarin. Binti unayetaka kuzaa, muone daktari wa moyo kabla ya mimba, maana warfarin inaweza kumdhuru mtoto tangu wiki zake za mwanzo tumboni.