Stempu Niliyoibandua

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mzee mmoja alinitunukia bahasha kuukuu iliyotumwa kutoka manowari ya Kijerumani. Niliiloweka katika bakuli la maji, nikabandua stempu yenye sura ya Germania, mwanamke mwenye taji, kisha bahasha nikaitupa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kusoma mihuri. Enzi ya Kaisari, barua za manowari hizo zilipigwa muhuri wa Kais. Deutsche Marine-Schiffspost, wenye tarehe na namba. Jina la meli halikutajwa. Namba ndiyo iliyoitambulisha. Nikaikumbuka Königsberg, iliyofika Dar es Salaam Juni 1914, ikaizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba, nayo ikaangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915.

Je, bahasha yangu ilitoka humo? Stempu ninayo hata leo, na juu yake umesalia upinde mwembamba wa wino. Namba ilikwenda na bahasha. Mzee naye amekwisha kufariki. Sina wa kumwuliza.

Darasani niliwafundisha vijana kwamba neno ling'olewalo katika mshororo huacha pengo la mizani na la maana. Sikuwaambia kuwa mwalimu wao naye aliwahi kung'oa. Siku hizi nikipata bahasha siikati wala siiloweki. Naihifadhi nzima, pamoja na anwani na mikunjo yake.

Nanyi, ndugu washairi, mkirithi karatasi za wazee, zisomeni zote kabla ya kuchagua kilichowapendeza.