Mita Ninayokutumia

Ilala, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kunipa habari njema: umepata fremu Mtaa wa Kongo, kilemba umeshalipa, na Jumatatu unafungua duka la vitambaa. Nimefurahi sana. Nimekwishasema na Mungu juu yako. Sasa niruhusu niseme na wewe, maana katika mitaa hiyo ya Kariakoo nimeuza vitambaa miaka thelathini.

Ukifika watakufundisha ujanja, wala hawatakunyima. Watakuonyesha jinsi ya kumpangia mteja bei kwa kumtazama viatu, jinsi ya kuweka cha juu, jinsi ya kukisifia kitenge hafifu mpaka kionekane cha maana. Jiji hili lenyewe tunaliita Bongo, kwa kuwa anayetumia akili ndiye anayekula. Akili ni zawadi ya Mungu, itumie. Lakini ujanja na hekima ni vitu viwili, mwanangu. Mjanja kabla ya kutenda huuliza, “Nani ananiona?” Mwenye hekima hana haja ya kuuliza.

Kitabu cha Mithali, sura ya kwanza, mstari wa saba, kinatufundisha kwamba maarifa yanaanzia kwenye kumcha Bwana. Hakikutaja mtaji, wala shule, wala kujuana na wakubwa. Ujana wangu niliusoma mstari huo kwa woga: Mungu kashika fimbo, nami kazi yangu ni kuikwepa. Nilikosea. Anayeogopa fimbo hukimbia. Anayemcha Mungu husogea karibu, kama Musa kwenye kile kijiti kilichowaka, ila huvua viatu.

Hilo sikujifunza kanisani. Nilijifunza kwenye kaunta, na nitakusimulia ingawa ni aibu yangu.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, wateja wamejaa. Nilikuwa na mita ya mbao, na nilikuwa na mchezo wangu. Kila nilipomaliza kupima mita moja, gumba langu lililoshikilia kitambaa lilirudi nyuma kidogo, upana wa vidole viwili, ndipo nianze mita inayofuata. Mteja haoni. Jumapili naimba besi kwenye kwaya, Jumatatu gumba linaiba.

Akaja mama mmoja, akataka mita nne za kitambaa cha sare za watoto wawili. Alifungua pindo la khanga, akahesabu noti zilizokunjwakunjwa na sarafu, zikatimia. Baada ya siku mbili akarudi, akatandaza vipande juu ya kaunta. “Fundi anasema mkono mmoja umepungua.” Nikamjibu bila hata kupepesa macho kwamba fundi wake hajui kukata. Akakikunja kitambaa taratibu, akasema, “Basi samahani, baba. Huenda nilihesabu vibaya mimi.” Akaondoka. Sijamwona tena.

Aliyeibiwa ndiye aliyemwomba radhi mwizi. Neno lile samahani lilinikaa kifuani kama mwiba. Jioni ile adhana ilipotoka Msikiti wa Mtoro, jirani yangu wa fremu ya mkabala aliwaacha wateja watatu wamesimama, akaenda kuswali. Nikamtazama nikajiambia: huyu yupo anayemjibu. Na mimi niliyebatizwa, namjibu nani? Usiku sikulala. Ndipo nilipoelewa kwamba kumcha Mungu ni kujua yupo pale kaunta kabla mteja hajaingia, na yupo bado mteja akishatoka. Hekima yoyote niliyoipata baadaye ilianzia usiku ule.

Sasa sikia mambo mawili ya kushika.

La kwanza ni mali kauli. Utapewa mzigo bila kutoa hata shilingi, kwa neno lako tu. Basi neno hilo lihesabu kuwa umelisema mbele za Mungu, na aliyekukopesha ni shahidi tu. Siku ukiona umekwama, mpigie mwenye mali kabla yeye hajakupigia.

La pili ni mpagazi. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi wao hatujui hata majina yao. Kuli anayekusukumia mkokoteni leo anafanya kazi iliyoupa mtaa huo jina. Muulize anaitwa nani. Mlipe jasho lake halijakauka. Huwezi kumcha Muumba huku unamdharau aliyeumbwa kwa mfano wake.

Wazee wetu walisema, mcha Mungu si mtovu. Ni kweli, ila usiigeuze methali hiyo kuwa bima. Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu lilipoungua, moto haukuuliza nani anasali na nani hasali. Nawafahamu wacha Mungu walioamka hawana kitu. Lakini nimewaona pia wakisimama tena, kidogo kidogo, kwa mali kauli, kwa sababu neno lao halikuungua. Utajiri wa mcha Mungu unakaa hapo, mpwa wangu, na msingi huo huwezi kuujenga siku ya moto. Unaujenga siku ya kawaida, mteja mmoja baada ya mwingine.

Pamoja na barua hii nakutumia ile mita yangu ya mbao. Mwisho wake utaona pamelika, hapo ndipo gumba langu lilipokuwa likikaa. Zakayo aliweza kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu; mimi niliyemdhulumu nilimtafuta sikumpata. Kwa hiyo nakuomba, ukimpimia mtu, gumba lako lisogee mbele, umwongezee upana wa vidole viwili. Ni deni langu kwa mama yule. Nisaidie kulilipa.

Mungu akutangulie Jumatatu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.